Disleksia: mtoto mwerevu asiyeshika kusoma

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara, lishe ya watoto na kliniki ya mama wajawazito. Mwezi huu nimeomba nafasi niandike juu ya jambo lisilo na homa wala kidonda, lakini ambalo limewatoa watoto wengi shuleni na kuwafanya waonekane mzigo nyumbani kwao wenyewe. Naliandika kama muuguzi na kama mama. Tena naliandika kama mtu ambaye hadi leo, akikutana na maandishi madogo, hufuata mstari kwa kidole.

Nilizaliwa wilaya ya Kisarawe, upande wa Maneromango, nikaanza darasa la kwanza mwaka 1988. Nyumbani tulikuwa na mikorosho na shamba la mihogo. Kwa hesabu za kichwani nilikuwa hodari, hata mama alinituma mimi dukani akawaacha kaka zangu, kwa sababu chenji yangu haikupungua. Ngano za bibi nilizishika zote. Mafundisho ya komunyo ya kwanza niliyajibu swali kwa swali bila kukwama. Lakini mwalimu akiandika ubaoni "mbuzi", mimi nilisoma "buzi", au "mzuri", au nilinyamaza kabisa.

Nilikuwa na ujanja wangu. Jirani yangu wa dawati akisoma ukurasa, mimi niliushika kwa masikio. Zamu yangu ikifika niliutoa wote kama ulivyo, macho yakiwa kitabuni. Hivyo nilipita darasa la kwanza na la pili bila kujulikana. Siku moja katika darasa la tatu mwalimu aliniambia nianzie katikati ya ukurasa, na hapo mambo yote yakawa wazi. Nilichapwa mbele ya wenzangu, kisha nikahamishiwa dawati la nyuma, mahali palipoitwa "kwa wazito". Nyumbani shangazi zangu walisema nimefungwa akili na mtu mwenye wivu. Nilipelekwa kwa mganga, akachinjwa kuku mweupe. Kuku aliliwa, mimi nikabaki vilevile.

Nimeanza na habari zangu ili mzazi asidhani kwamba ninayoyaeleza ni mambo ya Ulaya tu.

Disleksia ni nini?

Ni ugumu wa kusoma na kuandika unaompata mtu mwenye akili nzuri, macho mazima na masikio mazima, hata akiwa na mwalimu wa kutosha. Neno hilo lilitungwa na daktari wa macho wa Ujerumani, Rudolf Berlin, mwaka 1887. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, alieleza katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Kijana huyo alikuwa mwepesi wa michezo na wa mazungumzo, na hesabu aliziweza. Lakini baada ya miaka ya kufundishwa alikuwa hawezi kusoma sentensi rahisi, na hata jina lake mwenyewe alilikosea alipoliandika. Mwalimu wake alikiri kwamba kama masomo yote yangekuwa ya kusema kwa mdomo, kijana huyo angekuwa wa kwanza shuleni. Niliposoma habari hiyo nikiwa mtu mzima nililia, maana ilikuwa kana kwamba imeandikwa juu yangu.

Madaktari wa zamani hizo waliita hali hii upofu wa maneno, wakidhani kasoro iko katika kuona. Leo inafahamika kwamba kwa sehemu kubwa chanzo ni namna ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha. Ili kusoma "mbuzi", mtoto lazima atambue kwamba kile anachokisikia kama kitu kimoja kina vipande ndani yake, na kwamba kila kipande kina alama yake. Watoto wengi wakishaunganisha sauti na herufi mara kadhaa, neno linakaa kichwani, na safari ya pili wanalitambua kama wanavyotambua uso wa mjomba. Mtoto mwenye disleksia hulikuta neno lile lile mara ya ishirini kama mgeni. Analifumua upya kila mara. Ndiyo maana anachoka, anapiga miayo, anaomba kwenda kunywa maji. Mwalimu anaona uvivu, kumbe mtoto amefanya kazi mara tatu ya wenzake.

Wataalamu hukadiria kwamba kati ya watoto 100, kiasi cha watano hadi kumi wana hali hii, wengine kidogo na wengine sana. Katika darasa la watoto 60, hao ni kama watatu hadi sita. Hali hii pia hutembea katika damu. Mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto wake kuwa nayo ni mkubwa, unakaribia nusu kwa nusu kwa makadirio ya wengine. Baba yangu aliacha shule darasa la nne, na barua zake zote alisomewa na mama. Sisi tulidhani ni ukubwa wa baba wa nyumba kusomewa barua.

Kwa nini Kiswahili huificha

Kiswahili kina rehema kwa msomaji. Irabu ni tano tu, na herufi zetu hazidanganyi: unachokiona ndicho unachokisema. Kwa hiyo mtoto wetu mwenye disleksia, akisaidiwa hata kidogo, mara nyingi hufika mahali akasoma kwa usahihi. Kinachobaki ni kusoma polepole mno na kukosea katika imla. Hapo ndipo anapopotea machoni pa watu. Mwingereza wa aina yake anaonekana wazi kwamba hawezi kusoma, lakini wetu anaambiwa, "Mbona jana uliweza? Hujitahidi tu."

Mwaka 2001 Eraldo Paulesu wa Italia na wenzake walilinganisha watu wenye disleksia wanaosoma Kiitaliano, Kifaransa na Kiingereza. Waitaliano, ambao maandishi yao husomeka kama yanavyoandikwa, kwa namna inayokaribia yetu, walisoma kwa usahihi kuliko wale wengine. Lakini picha za ubongo zilionyesha kasoro ile ile kwa wote, upande wa kushoto. Maana yake ni kwamba lugha nyepesi haiondoi disleksia, bali huifunika.

Tusidhani pia kwamba Kiswahili hakina miiba. Watafiti Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003, na tena mwaka 2007, uchunguzi wao juu ya makosa ya watoto wanapoandika Kiswahili. Walionyesha kwamba hata kwa lugha yenye tahajia iliyonyooka kama yetu, kujifunza kuandika si kazi ndogo, na konsonanti zinazoongozana zina ugumu wake. Mzazi yeyote aliyesahihisha daftari la mtoto anazifahamu: mb, nd, nj, ny, ng', na zile za herufi tatu kama mbw na ngw. "Ng'ombe" huwa "gobe", "nyanya" huwa "nana". Tena tuna maneno marefu. "Hatukuwaambia" ni neno moja, lakini ndani yake mna silabi saba, na "wanaotusaidia" lina nane. Mtoto anayefumua silabi moja moja, akifika ya saba ya kwanza imekwisha kumtoka.

Utamtambuaje?

Usitazame kosa moja. Kugeuza b na d, kwa mfano, ni jambo la kawaida kwa watoto hadi miaka saba au minane, na wengi huliacha wenyewe. Tazama mkusanyiko wa mambo yanayodumu. Huenda alichelewa kusema, au hadi sasa hugeuza silabi katika maneno marefu. Huenda hashiki majina ya siku au ya miezi kwa mpangilio, ingawa husimulia sinema nzima bila kuacha kitu. Kunakili ubaoni humchukua muda wote wa kipindi. Kurasa za kitabu anazijua kwa kichwa, lakini ukimwonyesha neno lile lile kwenye mfuko wa sukari hasomi. Majibu yake ya mdomo na majibu yake ya daftari ni kama ya watoto wawili tofauti. Tena asubuhi za siku za shule tumbo linamuuma, na Jumamosi linapona.

Lakini si kila mtoto asiyesoma ana disleksia, na hapa nasema kama muuguzi. Kwanza mpeleke hospitali ya wilaya, au ya mkoa kama ile ya Tumbi, apimwe macho na masikio. Mtoto ambaye sikio limetoa usaha mara kwa mara tangu akiwa mdogo huenda hazisikii vizuri sauti anazotakiwa kuziandika. Mwingine hajasoma kwa sababu darasa lao lina watoto mia na mwalimu mmoja, au kwa sababu msimu wa kuchoma mkaa na kuokota korosho hukaa porini majuma matatu. Huyo anahitaji shule, na akifundishwa atakimbia. Mwenye disleksia akifundishwa kwa njia ya kawaida hatakimbia, na hiyo yenyewe ni alama.

Mtihani mmoja pia usikutishe. Jirani yetu hapa mkoani Pwani, upande wa Bagamoyo, Robert Sternberg na Elena Grigorenko pamoja na wenzao, Ngorosho akiwa mmojawapo, waliwapima watoto wa shule, wakawafundisha kwa muda mfupi, kisha wakawapima tena. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha watoto wakipanda baada ya mafundisho hayo mafupi. Utafiti huo haukuwa wa disleksia, lakini unatuambia kwamba karatasi ya siku moja haioni yote aliyonayo mtoto.

Mzee aliyenifundisha

Mwaka 1991 alirudi kijijini kwetu mwalimu mmoja mstaafu. Alikuwa amefundisha kisomo cha watu wazima tangu mwaka 1970, ule uliotangazwa na Serikali kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika kazi hiyo alikutana na wafanyabiashara waliokokotoa faida ya magunia kichwani, lakini herufi ziliwatoroka. Aliponisikia nikibishana bei ya mihogo, kisha akaniona nikishindwa kusoma maandishi ya gunia, aliniita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe si mjinga. Wewe unalisikia neno kama jiwe zima. Tutalipasua."

Alikuwa Mwislamu, nasi tulikuwa familia ya Wakristo wachache wa kijiji kile. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilimkuta uwanjani kwake. Alichora herufi mchangani, kubwa kama mkeka, nami nikatembea juu yake kwa miguu huku nikiitoa sauti yake. Si jina la herufi, bali sauti yake. Baadaye niliichora kwa kidole, kisha hewani nikiwa nimefumba macho, na mwisho kwenye karatasi. Kwa maneno alinipa punje za mahindi: kila silabi punje moja. Ko-ro-sho, punje tatu. Nikisema "mbuzi" niliweka mbili, kisha akaniuliza, "Punje ya kwanza ina nini ndani?" hadi nikaisikia m iliyojificha mbele ya b. Hakuniruhusu kwenda herufi mpya kabla ya jana kukaa vizuri. Miezi minane. Malipo yake yalikuwa mihogo.

Nilipokwenda kusoma uuguzi nilikuja kujua kwamba njia hiyo, ya sauti moja moja, kwa mpangilio, kwa macho na masikio na mikono pamoja, ndiyo wanayoipendekeza wataalamu duniani kote. Huko chuoni hofu yangu ilikuwa rafu la dawa. Klorokwini na kloramfenikoli zinaanza sawasawa, na mtu anayesoma mwanzo wa neno na kubahatisha mwisho anaweza kuua. Nilijiwekea sheria: jina la dawa nalisoma kwa silabi, kidole chini yake, kisha kipimo, kisha namwonyesha mwenzangu. Wengine walinicheka. Nimewaona baadaye wakifanya hivyo hivyo.

Mwiko

Sasa nifike penye aibu yangu. Mwaka 2022 tukiwa Kibaha, mwanangu alikuwa darasa la tatu. Daftari lake lilirudi na maneno "Hajitahidi". Nilimkalisha jikoni asome, akakwama kwenye "ng'ombe". Mara ya nne nilichukua mwiko nikampiga mkononi. Mimi, niliyechapwa kwa jambo lile lile. Alilia kidogo, akafuta macho, akaweka kidole chini ya neno, akasema, "Mama, mbona hata wewe unasoma hivi?"

Mume wangu alikuwa hajui. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nimemficha. Katika jumuiya, Biblia ikinifikia, nilisema nimesahau miwani, na miwani sikuwa nayo. Usiku ule nilimweleza mume wangu na mtoto pia. Nadhani kosa langu kubwa lilikuwa ule ukimya kuliko mwiko, kwa sababu mtoto aliishi nyumba moja na mtu aliyeyajua maumivu yake, akadhani yuko peke yake duniani.

Tunachofanya nyumbani

Tulianza na dakika 15 kila jioni, si zaidi, kabla hajachoka. Trei ya unga au mchanga mkavu inatosha, shilingi haihitajiki. Anachora na kutoa sauti. Punje za mahindi tunazo. Kwa maneno marefu nimekata kadi kutoka boksi la sabuni, tunafunika neno na kulifunua silabi kwa silabi. Kisha tunasoma pamoja, sauti yangu na yake kwa wakati mmoja, kidole chake kikitangulia. Akikosea simkatizi, namalizia naye, kisha tunarudi kwenye neno lile. Baba yake humsomea hadithi au habari za mpira, maana mtoto asiyeweza kusoma bado anahitaji kujua mambo ya dunia, la sivyo akili yake itakaa njaa. Tena tumemwachia kitu anachokiweza. Wangu ni fundi wa baiskeli za mtaa mzima, na hatukumnyang'anya spana ili asome.

Shuleni nilikwenda mwenyewe, nikaongea na mwalimu kwa heshima, bila kumshutumu. Niliomba mambo matatu: akae mbele, asilazimishwe kusoma kwa sauti bila kujiandaa, na baadhi ya majibu aulizwe kwa mdomo. Mwalimu alikubali mawili. Mtaala wa KKK wa darasa la kwanza na la pili ulioanza mwaka 2015 ulisisitiza sauti za herufi, kwa hiyo walimu wengi wa madarasa ya chini wanaielewa lugha hii ukiongea nao. Halmashauri zina ofisa wa elimu maalumu. Mwulize mwalimu mkuu namna ya kumpata, na uulize pia habari za upimaji. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa muda wa nyongeza kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, lakini lazima shule iombe mapema. Usisubiri mwezi wa mtihani.

Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu visivyozidi vinne, kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kushindwa kusoma si kosa la nidhamu. Nasi wazazi tusiende shuleni kusema, kama nilivyomsikia baba mmoja, "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu."

Wala hakuna kidonge cha disleksia. Hakuna mafuta ya samaki, miwani ya rangi wala dawa ya mizizi inayoiondoa, ingawa wauzaji hawakosekani. Mtu huzaliwa nayo na huzeeka nayo. Kinachobadilika ni kwamba anajifunza kusoma nayo.

Mwanangu sasa anasoma polepole, na imla yake bado ina mashimo. Linalonisumbua ni sekondari. Huko masomo yatakuwa kwa Kiingereza, lugha ambayo hata neno lake la "kisu" linaanza na herufi isiyotamkwa, na mtoto aliyezoea herufi zisizodanganya atakutana na hizo akiwa na masomo mengi kwa wakati mmoja. Tumeanza mapema: maneno matano kwa juma, kila moja linachorwa kwenye unga, linasemwa, linaandikwa, kisha linabandikwa mlangoni. Baba yake ndiye anayechagua maneno. Juma hili yote ni ya baiskeli.